Kadi gani ya grafiki itaingia kwenye Dell OptiPlex 7010 ya kasha dogo?

SWALI – Mwalimu, Iringa

Habari za wakati huu, wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tatu na cha nne, na kwa muda sasa nimekuwa nikirekodi vipindi vya marudio ili wanafunzi waliokosa darasa wavitazame kwenye simu za wazazi wao. Kompyuta ninayotumia ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, lile kasha dogo jembamba ambalo wengi huliweka chini ya monita, yenye prosesa ya Core i5-3470, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Haina kadi ya grafiki. Inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa.

Shida yangu ni kwamba ninaporekodi skrini kwa programu ya OBS huku kamera nayo imewashwa, picha inakatikakatika kiasi kwamba sauti huwa imeshamaliza kueleza kanuni ya Ohm wakati mkono wangu bado unachora betri. Nikija kuhariri, kila nikisogeza kipande cha video ninasubiri hadi nasahau nilitaka kukikata wapi.

Duka moja hapa mjini limenishauri ninunue GTX 1060 ya GB 6, na muuzaji akanihakikishia kuwa sloti ni ileile, nitachomeka tu. Kabla sijatoa pesa nilifungua kasha, nikaona ndani pamebana mno, nikaingiwa na mashaka. Bajeti yangu ni shilingi laki mbili na nusu, na monita yangu ni ya zamani, ina tundu la VGA peke yake. Naomba ushauri: ni kadi ipi itakayoingia kwenye mashine hii na kufanya kazi niliyoieleza?

JIBU – Fundi wa kompyuta, Dar es Salaam

Mwalimu, mashaka yako yana msingi, na pesa hiyo usiitoe. Muuzaji hakukudanganya kuhusu sloti, kwa maana PCI Express, yaani aina ya sloti hiyo, imetengenezwa ili kadi mpya iweze kukaa kwenye sloti ya zamani na ya zamani kwenye mpya. Tatizo ni kwamba kukubaliana na sloti ni sharti moja tu, na kwa mashine kama yako ndilo sharti jepesi kuliko yote.

Anza na kimo. Kasha lako hupokea kadi za nusu kimo, zile ambazo kibati chake cha nyuma kina urefu wa kama sentimita 8, ilhali kadi ya kawaida ina kibati cha sentimita 12. GTX 1060 ni ya kimo kamili, tena ni nene, kwa hiyo mfuniko hautafunga hata ukiusukuma kwa goti.

La pili ni umeme. GTX 1060 hutumia hadi wati 120. Kwa kanuni za PCI Express, sloti haitoi zaidi ya wati 75, na zinazobaki lazima zipitie waya wa pini sita unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Pawa saplai yako ni ya wati 240 na waya huo haina. Hapo ndipo atatokea mtu wa kukuuzia kiunganishi kinachogeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini sita. Usikinunue. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5, na wewe ni mwalimu wa fizikia, hesabu unaiona mwenyewe: 1.5 mara 3 mara 12 ni wati 54, wakati kadi inatarajia kuvuta hadi 75 kupitia njia hiyo. Niliwahi kuletewa mashine ambayo plastiki ya plagi hiyo ilikuwa imelainika na kushuka kama nta ya mshumaa, na mwenyewe alikuwa analalamikia harufu tu.

Jambo jingine, ambalo linawapoteza wengi wanaosoma ushauri mtandaoni: OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 iliuzwa katika makasha ya saizi nne, yenye pawa saplai za wati 275, 250, 240 na 200. Mtu akisema kadi fulani inafanya kazi kwenye 7010 yake, kwanza muulize kasha lake ni lipi, kwa sababu huenda ana kasha kubwa la mnara. Isitoshe, mwaka 2023 Dell walitoa mashine mpya kabisa na kuirudishia jina hilohilo la 7010, hivyo siku hizi hata jina halitoshi bila kutaja prosesa.

Naomba ufungue tena kasha, uangalie mambo mawili. Mosi, sloti ndefu iko umbali gani kutoka ubavu wa pawa saplai? Pili, soma lebo ya pawa saplai na uandike hapa wati zilizoandikwa, maana mashine za mtumba huwa zimeshabadilishwa vipuri mara nyingi kabla hazijakufikia.

JIBU – Mhariri wa video, Nairobi

Hujambo Mwalimu. Ninakubaliana na fundi, ila nataka kukukinga na kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya, kwa sababu kadi inayofuata utakayopendekezewa ni GT 1030.

Kwa kuingia, itaingia bila tabu: ni wati 30 tu, inapatikana kwa nusu kimo, na haihitaji waya wowote wa ziada. Nilipewa kazi ya kurusha ibada moja kwa moja kwa mashine inayofanana na yako, nikaenda Luthuli Avenue, nikanunua GT 1030 na kurudi nayo nikijiona mwerevu. Nilipofungua OBS na kwenda kwenye orodha ya enkoda, yaani visimbaji vinavyobana video inaporekodiwa, NVENC, ile ya kadi za Nvidia, haikuwepo. Niliweka draiva upya mara mbili nikidhani nimekosea. Kumbe kadi hiyo haina kabisa sehemu ya kusimba video; Nvidia hawakuiweka kwenye chipu yake. Inaweza kufungua video iliyokwisha kusimbwa, lakini kazi ya kurekodi inabaki mzigo wa prosesa, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tunalikimbia.

Tena GT 1030 zipo za aina mbili zenye jina moja. Iliyotoka mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha GB 48 kwa sekunde. Iliyofuata mwaka 2018 ina DDR4 inayosafirisha takriban GB 17, yaani karibu theluthi moja. Boksi zinafanana, na bei dukani mara nyingi ni ileile. Anayeuza hatakuambia, na pengine hata yeye hajui.

Mtego wa aina hiyohiyo ni Radeon RX 6400. Ni kadi nzuri kwa michezo, ni nyembamba, ina wati 53, lakini nayo haina enkoda, na inatumia njia nne tu za kupitisha data za PCI Express badala ya kumi na sita. Kwenye kompyuta mpya njia hizo nne zina kasi ya kutosha. Kwenye kizazi cha i5-3470 kasi inapungua nusu, na mwenye i5-2400 hupunguziwa nusu nyingine. Intel Arc nazo ziache, kwa kuwa zinategemea uwezo unaoitwa Resizable BAR, ambao mashine ya mwaka 2012 haikuzaliwa nao, na bila huo utendaji wake huporomoka.

Kabla hujanunua chochote, jaribu jambo ambalo halina gharama. Prosesa yako ina enkoda yake yenyewe inayoitwa Quick Sync. Fungua mipangilio ya OBS, upande wa kurekodi, uone kama enkoda iliyochaguliwa ni x264. Ikiwa ndiyo, basi prosesa inasimba video kwa nguvu zake zote huku ikiendesha kamera, skrini na mambo mengine yote. Tazama kama Quick Sync imo kwenye orodha, uichague, urekodi dakika tano.

JIBU – Mdau, Arusha

Mimi nitasema lisilopendeza: uza hiyo mashine. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-3470 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Kadi ya grafiki haibadilishi hilo. Ukiongeza kidogo kwenye laki mbili na nusu yako pamoja na utakachopata kwa kuuza, utaipata mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, na hutakuwa na haja ya kupima sentimita.

JIBU – Mwalimu, Iringa

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Arusha, hoja yako ni ya kweli, lakini hicho kidogo unachosema niongeze ndicho nisichokuwa nacho muhula huu, na mitihani haitanisubiri. Nitakachonunua sasa ningependa kiwe kitu ninachoweza kukihamishia kwenye mashine nyingine baadaye.

Nimefungua kasha. Lebo inasema wati 240, kama fundi alivyotabiri. Sloti ndefu, ile ya buluu, iko upande wa pawa saplai. Katikati yake na bati la pawa saplai kidole gumba changu kinaingia kwa kubana. Kwa hiyo kadi yenye feni nene haina pa kupita. Ipo sloti nyingine nyeusi ya urefu uleule pembeni yake.

Kuhusu OBS, nimeona aibu kidogo. Kwenye toleo nililonalo, ambalo si jipya, Quick Sync imo na mimi miaka yote nilikuwa kwenye x264. Nimeibadilisha, na kurekodi kumetulia kwa kiasi kikubwa. Betri na sauti sasa vinafika pamoja. Ila kuhariri bado ni kule kule, na nikiwasha kamera pamoja na programu ya kuonyesha majaribio ya umeme, kompyuta inazidiwa.

JIBU – Fundi wa kompyuta, Dar es Salaam

Vizuri sana, Mwalimu. Hiyo nafasi ya kidole gumba imeshajibu nusu ya swali. Wengi wangekuelekeza kwenye GTX 1050 Ti ya nusu kimo, na kweli zipo, lakini hizo huchukua nafasi ya sloti mbili na zinaweza kufika wati 75 kamili. Kwa unene haitakaa kwenye sloti ya buluu. Sloti nyeusi nayo, ingawa ni ndefu kwa macho, kwa ndani imeunganishwa njia nne tu. Pia sipendi kuikaribia wati 75 kwenye makasha madogo ya ofisini, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huweka ukomo wa chini zaidi ya huo kwa kila sloti, na feni moja iliyomo humo ilipangiwa kupoza karatasi za Excel.

Ninachokushauri ni kutazama kadi zilizotolewa kwenye kompyuta za wahandisi na wasanifu majengo, yaani familia ya Quadro. Wachezaji wa michezo huzipita bila kuzitazama, hivyo mara nyingi bei yake ya mtumba huwa ya kistaarabu. Quadro P620 ina GB 2 za GDDR5, wati 40, ni nyembamba ya sloti moja, ni ya nusu kimo, na haihitaji waya wa ziada. Quadro P1000 ni ndugu yake mkubwa: GB 4, wati 47, umbo lilelile. Zote mbili zimejengwa juu ya chipu ileile ya GTX 1050 Ti, kwa hiyo enkoda ya NVENC zinayo, tofauti na GT 1030. Piga hesabu ya umeme: prosesa yako imekadiriwa wati 77, jumlisha 47 za kadi, weka hata 50 kwa ubao mama, diski na feni, hujafika 180. Pawa saplai itapumua.

Kwa kuhariri, ningekuwa mimi ningeitafuta P1000 kwa ajili ya zile GB 4, lakini nisingelala njaa kwa ajili yake.

Kuna udhaifu mmoja ambao ni haki uujue. Kadi hizi ni za kizazi cha Pascal, na Nvidia wamekwisha kutangaza kuwa kizazi hicho hakitapata tena draiva za maboresho baada ya Oktoba 2025, bali marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa vipindi vya fizikia hilo halikugusi. Ukibahatika kuiona T400 au T600, ambazo ni za kizazi cha Turing, zenye wati 30 na 40 na umbo hilohilo, hizo bado zina maisha marefu upande wa draiva, ila kwa bajeti yako sitegemei.

Unapokwenda kununua, mambo ya kushika mkononi ni haya. Kibati: kadi nyingi za mtumba zilitoka kwenye minara, kwa hiyo zina kibati kirefu, na kile kifupi kilipotea siku nyingi. Mwambie muuzaji kabisa kuwa unataka kibati kifupi, akuonyeshe, ndipo mzungumze bei. Bila hicho kadi itaning'inia kwenye sloti, na ukichomoa waya wa monita siku moja utaing'oa. Matundu: Quadro hizi zina matundu manne madogo ya Mini DisplayPort, basi. VGA haipo. Utahitaji kigeuzi cha Mini DisplayPort kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, kwa sababu ishara inayotoka ni ya kidijitali na VGA ni ya analogi.

Na ukikutana na GTX 1050 Ti ya bei ya ajabu yenye tundu la VGA nyuma, irudishe mezani. Kizazi kile hakitoi VGA kabisa. Hizo ni GTS 450 au GTX 550 Ti za zamani zilizoandikwa upya ili Windows izisome kwa jina la bandia. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo hulitambua jina la bandia na kuliandikia neno la onyo mbele yake. Iweke kwenye flashi, uende nayo dukani, umwombe muuzaji aiwashe kadi mbele yako.

JIBU – Mhariri wa video, Dodoma

Samahani kuingia mwishoni, lakini naona wanaume mmepima kadi vizuri mkasahau RAM. Mwalimu, GB 4 hazitoshi kuhariri video, hata ukichomekewa kadi ya milioni. Unaposogeza kipande na kompyuta ikaganda huku taa ya diski ikiwaka bila kupepesa, hiyo si grafiki inayolia. Ni RAM imejaa na kompyuta imeanza kutumia diski kama RAM, na diski yako ni ile ya kuzunguka.

Kasha lako lina sloti nne za RAM za DDR3. Tafuta kijiti cha pili cha GB 4 kinachofanana na ulichonacho, hata kama ni cha mtumba, uviweke viwili kwenye sloti zenye rangi moja, ili visomwe sambamba. Angalia usiuziwe cha laptop, ambacho ni kifupi. Kisha badilisha diski kuu iwe SSD, ile isiyozunguka, hata ya GB 240, na ile ya zamani uibakize kwa kuhifadhia video zilizokamilika. Mimi ningeligawa fungu lako hivyo kwanza, na kitakachobaki ndicho kingeamua kama ni P620 au P1000.

Pia kabla ya kuweka kadi, hakikisha BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, iko kwenye toleo la mwisho lililopo kwenye tovuti ya Dell, maana baadhi ya mashine za kizazi hiki zenye BIOS ya zamani hukataa kuonyesha kadi mpya zaidi yake. Fanya hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, hutakuwa na kompyuta ya kuuliza swali lingine humu.

JIBU – Mwalimu, Iringa

Narudi baada ya wiki tatu. Nimefuata mgawanyo wa dada wa Dodoma: kijiti cha RAM na SSD kwanza. Tofauti ya kuhariri niliiona jioni ileile, na nusura niseme kadi siihitaji. Lakini kamera pamoja na programu ya majaribio bado vilikuwa vinaielemea, kwa hiyo ndugu yangu aliyeko Dar alinitafutia Quadro P620 huko Kariakoo. P1000 ilipatikana moja, haikuwa na kibati kifupi, akaiacha kama fundi alivyoagiza.

BIOS niliisasisha kwanza, kwenye UPS ya ofisi ya shule, mkuu wa shule akiwa amesimama nyuma yangu akiuliza kwa nini nimeshika shavu. Kadi ikaingia kwenye sloti ya buluu bila kugusa pawa saplai, ingawa kati yao kadi ya maktaba ya mwanafunzi inapita kwa shida. Nikawasha, feni ikazunguka, skrini ikawa nyeusi tii. Nilizima na kuwasha mara nne, nikaichomoa kadi, nikaipangusa, nikairudisha, na tayari nilikuwa nimeanza kuandika malalamiko hapa, ndipo nikagundua kuwa waya wa monita nilikuwa bado nimeuchomeka kwenye VGA ya zamani iliyoko kwenye ubao mama, ambayo kompyuta huizima ikishaiona kadi. Nikauhamishia kwenye kigeuzi, picha ikaja.

Sasa NVENC imo kwenye orodha, kamera na majaribio vinakwenda pamoja, na kipindi cha dakika arobaini nilichorekodi jana hakikupoteza fremu hata moja. Swali lililobaki ni dogo: feni ya kadi inaanza kusikika kwenye kipaza sauti ikishafika kama dakika ya ishirini na tano. Je, kuna njia ya kuituliza, au nisogeze tu kipaza sauti?

JIBU – Fundi wa kompyuta, Dar es Salaam

Sogeza kipaza sauti. Halafu ondoa vitabu ulivyovipanga juu ya kasha, kama vipo.

JIBU – Mwalimu, Iringa

Vilikuwepo vitatu.